Nyimbo nne, shilingi 180,000: demo za fundi cherehani wa Mwanjelwa

Fundi cherehani mmoja, dada wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, alikuwa na nyimbo nne kwenye daftari na shilingi 180,000 mkononi, zamu yake ya mchezo wa kupeana fedha ilipofika. Hakutaka kuwa msanii. Sauti yake ni ya kuongoza nyimbo kwenye jumuiya, na yeye analijua hilo bila kuambiwa. Alichotaka ni wengine waimbe nyimbo zake, jina lake litajwe kama mtunzi na, Mungu akijalia, alipwe. Jina lake silitaji, ndivyo tulivyokubaliana. Kisa chenyewe ameniruhusu nikieleze kwa urefu, maana kinawahusu watunzi wengi wa Nyanda za Juu Kusini ambao hawana studio wala ndugu wa kuwapokea Dar es Salaam.

Mwaka mmoja kabla hajanifuata alikuwa ameshatumia fedha. Studio moja ilimtoza 100,000 kwa wimbo mmoja. Akalipa, akaingiza sauti kwa muda wa saa moja hivi, akaondoka na MP3. Nimeusikiliza wimbo ule mara nyingi. Biti inaanza, jina la prodyuza linatajwa mara mbili, kisha biti inaendelea peke yake kwa sekunde arobaini kabla ya neno la kwanza. Sauti imewekewa auto-tune, ile programu ya kunyoosha noti, mpaka maneno yameteleza. Besi imepanda juu ya kila kitu. Kiitikio, ambacho ndicho kinachoubeba wimbo, kinaingia baada ya dakika moja na nusu. Aliituma kwa mwimbaji wa injili aliyekuwa anamlenga, hakujibiwa. Aliporudi kuomba apewe ala peke yake na sauti peke yake, aliambiwa faili zimeshafutwa. Akahitimisha kwamba wimbo ni mbaya, akaufunga kwenye daftari.

Wimbo haukuwa mbaya. Aliponiimbia mwenyewe bila ala, kiitikio nilikishika mara ya pili. Tatizo ni kwamba demo ile, yaani rekodi ya mfano ya kumwonyesha mwimbaji wimbo, ilionyesha uwezo wa studio, wakati mwimbaji anayetafuta wimbo anataka kujua mambo mawili tu: je, naweza kuuimba, na je, watu wataushika? Prodyuza wake mwenyewe atatengeneza biti upya. Ile ya laki moja ingetupwa hata kama ingekuwa nzuri.

Kwa hiyo kabla ya kugusa shilingi hata moja tulikaa na daftari. Kwa kila wimbo nilimuuliza: huu unampelekea nani? Nilitaka jina la mtu au la kwaya, maana "wasanii" haikuwa jibu. Nyimbo mbili zilipata jibu papo hapo. Wa kwanza ni uleule wa injili, na mwimbaji aliyemlenga ni mwanaume mwenye sauti ya tenor, yaani sauti ya juu ya kiume. Wa pili ni wa kwaya, wenye mstari mmoja wa Kinyakyusa unaomwita Kyala (Mungu), na alikuwa anaufikiria kwa ajili ya kwaya moja ya upande wa Uyole. Wa tatu haukuwa na mwenyewe. Wa nne, tulipousoma kwa sauti, ubeti wa pili ulikuwa unarudia wa kwanza kwa maneno mengine. Ulihitaji kalamu zaidi kuliko maiki. Tukabaki na mbili. Fedha ileile iliyokuwa 45,000 kwa wimbo ikawa 90,000 kwa wimbo, na hatukuwa tumekopa kwa mtu.

Jambo lililofuata halikugharimu kitu, na kwa maoni yangu ndilo lililookoa wimbo wa kwanza: ufunguo, yaani noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake. Dada alizoea kuuimba kwenye G, kwa sababu sauti yake ni alto, sauti ya chini ya kike, na hapo anatulia. Noti ya juu kabisa ya kiitikio ni mi, yaani B. Mwanaume akiimba wimbo huohuo oktavu moja chini, ile B inaangukia katikati ya sauti yake, mahali anapoongelea. Hakuna kupanda, hakuna kilele. Tenor anataka kiitikio kiwe juu, karibu na E au F, hapo ndipo anaposikika ana nguvu. Tulipouhamishia wimbo kwenye C, ile mi ikawa E, na wimbo ukabadilika kabisa. Sina shaka kwamba sehemu ya ukimya wa mwaka uliopita ilitokana na hilo. Mtu akisikia wimbo umekaa chini ya sauti yake hasemi ufunguo haufai, anasema wimbo hauna mvuto.

Mpiga gitaa, kijana wa kwaya ya vijana anayemwita dada na kuitwa mdogo wangu, alikuwa amezoea mikono ya G. Kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa cha kupandisha ufunguo, hana. Penseli na kipande cha lastiki kutoka kwenye droo ya cherehani vikafungwa kwenye shingo ya gitaa, kizuizi cha tano, na mikono ileile ya G ikatoa C. Ilishika vizuri baada ya kukaza lastiki mizunguko ya kutosha. Ilibidi tu kutuni upya baada ya kufunga, kwa sababu penseli hugandamiza nyuzi bila usawa.

Kwa kuwa demo ilikuwa ya kuonyesha kilele cha mwanaume, dada asingeweza kuuimba mwenyewe. Alitaka kujaribu, kuokoa fedha. Nilimpinga hapo, na bado naamini ndivyo ilivyopaswa kuwa. Tenor mmoja wa kanisani kwao alikubali 30,000 pamoja na mazoezi. Wapo watakaoona ni fedha nyingi kwa mtu ambaye sauti yake haitatoka redioni. Lakini kwenye demo ya gitaa na sauti, hiyo sauti ndiyo nusu ya kila kitu kinachosikika.

Sasa chumba. Hapa watunzi wengi hukosea kwa kutafuta maiki kabla ya kutafuta ukimya. Kijana mmoja mwanafunzi wa chuo, anayejua kuchanganya sauti, alikuwa na maiki ya kondensa na kadi ya sauti, akajitolea turekodie chumbani kwake hosteli. Nilikwenda kukisikia chumba. Kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji, dirisha la vioo, jirani ana spika. Ukipiga kofi, chumba kinakurudishia. Maiki ya kondensa inasikia kila kitu, na katika chumba cha namna hiyo ingerekodi mwangwi na spika ya jirani kwa ubora wa hali ya juu. Simu ya kawaida katika chumba kilichotulia itatoa demo inayosikilizika kuliko hapo.

Mwanjelwa kwenyewe haikuwezekana: soko, bajaji, na malori ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Dada alipendekeza nyumbani kwao Tukuyu, kwa ajili ya utulivu. Nilikataa kwa sababu ya mwezi. Ilikuwa Machi, na Tukuyu kwa mwaka hupata mvua inayozidi milimita 2,000. Mvua ikishika bati hakuna programu ya kuiondoa kwenye sauti, kwani inaenea kwenye masafa yaleyale ya maneno.

Tulichopata ni chumba cha uani kwa shangazi yake, mtaa wa Forest ya Zamani hapahapa Mbeya. Kidogo, kina dari ya mbao, mbali na barabara. Mvua ya Mbeya msimu ule ilikuwa ikijikusanya mchana, kwa hiyo tulipanga asubuhi. Gitaa lilirekodiwa mapema, kabla mtaa haujaamka. Sauti ilisubiri mpaka saa nne, kwa sababu Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na koo la tenor saa moja asubuhi kwenye baridi ile halifunguki, hata umnyweshe chai ya tangawizi birika zima. Baridi hiyohiyo ndiyo iliyotusumbua kwenye gitaa. Likitoka nje na kuingia chumba chenye watu, tuni inahama. Tuliliacha ndani ya chumba lipumzike kwanza, na likatuniwa kabla ya kila mzunguko.

Vifaa vya kuzima mwangwi vilitoka kwenye ofisi ya fundi mwenyewe na kitandani kwa shangazi: mablanketi mazito ya mitumba, godoro, na mifuko ya vipande vya vitambaa. Watu wengi hapa kwetu wanabandika trei za mayai ukutani. Trei ni nyepesi mno. Zinagusa masafa ya juu kidogo na kuacha mengine yote, na kelele ya nje haziizuii hata chembe. Blanketi zito lililokunjwa mara mbili na kuning'inizwa mbali kidogo na ukuta linafanya kazi kubwa zaidi. Halafu kuna suala la mahali pa kuliweka. Watu hulitundika mbele ya mwimbaji, nyuma ya simu. Tazama simu inaelekea wapi: inamtazama mwimbaji, kwa hiyo inapokea pia kila kinachorudi kutoka ukuta ulio nyuma ya mgongo wake. Godoro letu lilisimama huko nyuma yake, mablanketi yakawa pembeni, na kanga iliyoviringishwa ikaziba upenyo chini ya mlango.

Simu ilikuwa ya dada, ya kawaida. Iliwekwa hali ya ndegeni ili mtu asipige katikati ya ubeti, ikafungwa kwenye mpini wa fagio uliosimamishwa kwenye ndoo ya mchanga. Umbali kutoka mdomoni ulikuwa shubiri moja na nusu hivi, na simu ilisogezwa pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ya "p" na "b" ipite bila kuipiga. Programu ya kurekodi ilipangwa kwenye WAV, faili ya sauti isiyobanwa, 44.1 kHz. Tulihakikisha sehemu yenye kelele zaidi ya kiitikio inaishia kati ya desibeli -12 na -6. Sauti ikigusa 0 inapasuka, na iliyopasuka hairudi. Iliyo chini kidogo unaipandisha baadaye.

Gitaa kwanza, mapigo 84 kwa dakika, metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo) ikisikika kwenye hedifoni tu. Kijana wa gitaa alikuwa na tabia ya kukimbia kila kiitikio kinapoingia, na bila metronomu prodyuza yeyote ambaye baadaye angetaka kujengea juu ya gitaa lile angeshindwa. Kisha sauti juu ya gitaa, kwenye programu ya BandLab ambayo ni ya bure. Hedifoni ilikuwa ya waya. Tenor alikuja na za Bluetooth, nzuri na za gharama, tukaziweka kando. Zinachelewesha sauti, na anayeimba akisikia gitaa limechelewa naye anachelewa, halafu mnabaki mnalaumiana. Tulirekodi pia sekunde chache za chumba kikiwa kimya kabisa, ili mchanganyaji apate sampuli ya mvumo wa kuondoa kwenye programu ya Audacity.

Mwimbaji aliimba wimbo mzima mara tatu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na bora ikachaguliwa, na mistari miwili ikaazimwa kutoka kwenye nyingine. Mstari kwa mstari, kama inavyofanyika studio nyingi, hupata noti safi na hisia zilizokatika. Kwa wimbo huu hisia ndiyo iliyokuwa inauzwa.

Mpangilio tuliubadilisha bila huruma. Gitaa linaanza, baada ya mapigo manane mwimbaji anaingia. Ubeti wa kwanza ulikuwa na mistari minane; dada alikubali kukata minne, kwa uchungu, na kiitikio kikasogea hadi kabla ya sekunde ya hamsini. Beti ndefu zimebaki kwenye karatasi ya maneno. Anayetaka atazirudisha.

Demo ya kwaya ilikwenda njia nyingine kabisa, na hapa ndipo napenda watunzi wa makanisani wasikilize. Mwalimu wa kwaya haangalii kama sauti ya mwimbaji ina mvuto. Anataka kujua wimbo utamchukua mazoezi mangapi. Kwa hiyo fedha haikuhitajika kwenye sauti nzuri. Dada alikuwa ametunga sauti ya kwanza tu. Mwenzake mmoja anayejua solfa (kuandika muziki kwa do, re, mi) alikaa naye jioni kadhaa, wakaandika alto, tenor na besi, na karatasi ikapigwa chapa. Kisha wanajumuiya wanne waliimba, kila mmoja sauti yake, juu ya kinanda kinachoshika kodi (noti zinazopigwa pamoja) bila mbwembwe. Malipo yao yalikuwa wali na chai.

Mchanganyaji alitoa faili tano. Moja ina sauti zote pamoja. Nyingine nne ni za kujifunzia: kwenye faili ya alto, alto iko sikio la kushoto peke yake, wengine wote sikio la kulia. Mwanakwaya anayeshona, anayeuza mboga au anayerudi shambani anavaa hedifoni moja ajue sauti yake, akiiweza anavaa zote mbili ajipime na wenzake. Wanakwaya wengi hujifunza kwa sikio hata kama solfa wameifundishwa, na kila mmoja ana simu. Mwalimu wa Uyole alisema hajawahi kuletewa wimbo mpya namna ile. Alitaka kuuanza kabla hata hajaulizwa.

Matumizi yalikuwa hivi. Mpiga gitaa 40,000. Tenor 30,000. Mchanganyaji 30,000 kwa nyimbo zote mbili. Chakula cha wanajumuiya 20,000. Nyuzi mpya za gitaa 15,000, na msizionee gharama, nyuzi zilizochakaa hazishiki tuni. Hedifoni ya waya 10,000, nauli 8,000, bando 5,000. Jumla 158,000, zikabaki 22,000. Karibu theluthi mbili ya kilichotumika ilikwenda kwa watu watatu wenye ujuzi, na vifaa havikufika hata sehemu ya tano. Kwa bajeti ya namna hii, ningependa kuona uwiano huo popote.

Kutuma nako kuna namna yake. WAV ya dakika tatu na nusu inakaribia MB 35, mzigo kwa bando la mtu. MP3 ya wimbo huohuo kwa kbps 192 ni MB 5 hivi. WAV ilibaki kwa dada, sehemu mbili tofauti, pamoja na gitaa peke yake na sauti peke yake, jambo ambalo mwaka uliopita alinyimwa. MP3 ilitumwa WhatsApp kama hati, si kama sauti ya kubonyeza na kusema, ambayo hubanwa mno. Jina la faili lilibeba jina la wimbo, jina la mtunzi, namba yake, ufunguo na mapigo. Faili husambazwa kutoka simu hadi simu, na ujumbe ulioandikwa pembeni hubaki nyuma.

Mwimbaji wa injili hakujibu mwenyewe, alijibu meneja wake. Wanautaka wimbo, na wanataka kuununua moja kwa moja, fedha mkononi, mambo yaishe. Kiasi walichotaja kilizidi gharama zote za demo, na dada alikuwa tayari kukubali siku hiyohiyo.

Nilimwomba asubiri, na tukayatenganisha mambo. Hakimiliki ya wimbo ilikuwa yake tangu alipouandika. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na chini ya mkataba huo ulinzi hautegemei usajili. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, maana yake hata wanawe wana sehemu kwenye wimbo huu. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kunampa ushahidi, na zile 22,000 zilizobaki tulizitenga kwa ajili ya kufuatilia hilo. Akiuza kila kitu kwa mkupuo, wimbo ukivuma atausikia kwenye daladala bila kudai chochote. Kwenye upande wa kwaya kulikuwa na suala dogo lakini la kweli: yule mwenzake aliyeandika sauti tatu naye ana mchango. Waliandikiana karatasi moja, ikisema nani alitunga maneno na sauti ya kwanza, nani alipanga sauti nyingine, na wakatia saini mbele ya mzee wa kanisa. Mpiga gitaa na tenor nao walisaini kwamba wamelipwa kwa kazi ya demo na hawadai utunzi. Hakuna aliyeona vibaya. Ugomvi wa namna hii huanza pale wimbo unapopendwa, na wakati huo karatasi haiandikiki tena kwa upole.

Jibu la dada kwa meneja lilikuwa fupi na la heshima: yuko tayari kupokea malipo ya awali na kumpa mwimbaji ruhusa ya kurekodi, jina lake liandikwe kama mtunzi kila mahali wimbo utakapowekwa, na utunzi ubaki wake. Meneja amekubali jina. Kuhusu utunzi bado wanavutana, naye hajarudi nyuma. Kwaya ya Uyole imeshamaliza ubeti wa pili. Wimbo wa tatu umepata wa kupelekewa, dada mmoja mwimbaji wa Iringa mwenye sauti ya alto kama yake, kwa hiyo huu ataurekodi mwenyewe, kwenye G, mwezi wa saba mvua ikiwa imekatika.